Tablatura na Sikio katika Kufundisha Gitaa la Besi

Suala la iwapo mwanafunzi wa gitaa la besi aanze kwa kusoma au kwa kusikiliza limekuwa likizungumzwa sana miongoni mwa wakufunzi wa somo la muziki, na aghalabu mazungumzo hayo huishia katika ubishi. Upande mmoja wamo wale waliojifunzia muziki katika bendi, ambao huiona karatasi kuwa ni mkongojo. Upande wa pili wamo waliopitia darasani, ambao hawaamini kwamba ipo elimu isiyoweza kuandikwa. Makala hii haikusudii kuwapatanisha. Nia yake ni kutoa hoja moja: kwamba tablatura ni maandishi yanayofaa kuandikwa na mwanafunzi mwenyewe baada ya kusikia, wala si maandishi ya kupewa kabla hajasikia. Tukiligeuza jambo hili katika vyuo vyetu vya ualimu, tutapeleka shuleni walimu wanaoweza kupiga nyimbo tatu na wasioweza kumfuata mtoto anayeimba.

Kwa faida ya wasomaji wasiolifundisha somo hili, sina budi kueleza tablatura ni kitu gani. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Shingo yake imekatizwa na vipande vyembamba vya chuma viitwavyo freti, na kila freti hupandisha sauti kwa nusu toni. Tablatura huchorwa kwa mistari minne, kila mstari ukisimama badala ya uzi mmoja, na juu ya mistari hiyo huandikwa tarakimu. Sufuri maana yake ni kupiga uzi ukiwa wazi, tatu maana yake ni kubana uzi kwenye freti ya tatu, na kadhalika. Mstari wa chini kabisa ndio uzi mnene kuliko zote. Hivyo basi, mtu asiyejua nota hata moja aweza, katika kipindi kimoja tu, kuanza kuviweka vidole vyake mahali panapotakiwa.

Maandishi haya si mageni. Gitaa la besi la umeme ndilo changa, kwani lile lililoenea duniani kote lilianza kuuzwa na Leo Fender wa Marekani mwaka 1951. Lakini tablatura ina umri wa karne nyingi. Ilitumiwa na wapigaji wa luti huko Ulaya, na mwaka 1507 mchapaji Ottaviano Petrucci wa Venice alikwisha kuchapa vitabu vya tablatura ya ala hiyo. Waitalia waliuweka uzi mnene juu ya karatasi, jinsi mpigaji anavyouona akiinamisha macho. Wafaransa walitumia herufi badala ya tarakimu. Inafurahisha kukumbuka kwamba luti ni mtoto wa udi wa Waarabu, hata jina lake limetoka huko. Mzazi huyo ndiye aliyefika pwani yetu akaingia katika taarabu, naye hana freti hata moja ya kuhesabu. Mpiga udi wa Unguja alilazimika kuipata sauti kwa sikio au asiipate kabisa.

Kabla ya kuikosoa tablatura ni haki kuitolea ushahidi mwema. Nota za mistari mitano humwambia mpigaji ni sauti gani apige, lakini hazimwambii aipige wapi, na katika gitaa swali hilo lina uzito. Chukua sauti ya uzi mwembamba kabisa wa besi ukiwa wazi. Sauti hiyo hiyo hupatikana kwenye freti ya tano ya uzi unaofuata, kwenye freti ya kumi ya uzi wa baada yake, na kwenye freti ya kumi na tano ya uzi mnene. Ni mahali panne kwa sauti moja, na kila mahali pana rangi yake: juu ya uzi mwembamba sauti hutoka kavu na wazi, juu ya uzi mnene hutoka nzito na ya mviringo. Tablatura huamua jambo hili kwa tarakimu moja. Tena huandikwa kwa kalamu yoyote juu ya karatasi yoyote, na mwanachuo aweza kuinakili upesi kutoka kwa mwenzake au kutoka kwenye simu yake. Mkufunzi anayeidharau kwa kuwa si nota halisi ana dharau ya bure.

Upungufu wake mkubwa uko kwingine, nao ni wakati. Zipo tablatura zilizochapwa kwa uangalifu ambazo huongezewa alama za muda, kama zilivyokuwa zile za luti. Lakini zile zinazozagaa mikononi mwa wanachuo wetu, zilizopangwa kwa herufi za kawaida tu, kwa sehemu kubwa hazina alama hizo. Humwambia mtu wapi, hazimwambii lini. Ama katika kazi ya besi hilo la lini ndilo takriban jambo zima. Gitaa la solo laweza kuchelewa kidogo likasamehewa, kwa kuwa msikilizaji analifuata kama afuatavyo msemaji. Besi ikichelewa, wachezaji hujikwaa. Na pale inaponyamaza kwa makusudi, ikaliacha pigo lipite bila kuligusa, kimya kile nacho ni sehemu ya wimbo, ilhali katika tablatura ya kawaida kimya hakiandikwi. Huonekana kama nafasi tupu kati ya tarakimu mbili, na nafasi hiyo huwa pana au nyembamba kwa kadiri ya mkono wa aliyenakili.

Msomaji aliyewahi kuusikiliza muziki wa dansi wa Tanzania anaelewa ninachosema. Bendi zilijulikana kwa mitindo yake. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilibadili majina mara kadhaa hata ikajulikana kwa jina la ngoma yake, Msondo. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilijulikana kwa Sikinde. Mpenzi wa muziki hakuhitaji kumsikia mwimbaji ndipo aitambue bendi yake. Alisikia jinsi besi na ngoma zilivyoshikana mwanzoni, akaitaja. Andika tarakimu za besi za nyimbo mbili za namna hiyo, uwape wanachuo wasiozijua: watazipiga zote mbili kwa mwendo mmoja kama wahesabuji wa magunia, na hakuna atakayeweza kusema ni bendi gani. Tarakimu zote zitakuwa sahihi.

Kwa hiyo tablatura ni barua aliyoandikiwa mtu ambaye habari zake tayari anazo. Kwa aliyekwisha kuusikia wimbo, humkumbusha. Kwa asiyeusikia haimwambii kitu. Jambo hili si geni kwetu sisi tuliokulia katika lugha hii. Tenzi zetu za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na aliyezitunza akautunza muswada wake. Lakini mahadhi ya kuziimbia hayakuwamo katika muswada. Utendi wa Mwana Kupona umeandikwa mwaka 1858, na maneno yake yamesomwa na wengi wasiopata kusikia hata mara moja namna unavyoimbwa. Kadhalika mtoto wa chuoni huwekewa juzuu mbele yake, herufi zikiwa na irabu zake zote na alama zake zote, na bado hapati kusoma Kurani kwa tajwidi mpaka aipokee kinywani mwa mwalimu: wapi avute, wapi akate, wapi sauti ipitie puani. Walimu wale hawakulitupa andiko kwa sababu hiyo. Hawakulitanguliza peke yake pia.

Upungufu wa pili ni wa ndani zaidi, na ndio unaowahusu hasa walimu. Tablatura inataja mahali, haitaji sauti. Hapa ni vyema kuilinganisha na solfa, ambayo wengi wetu tuliipata kwaya kabla ya kuijua shule. Solfa ilianzishwa na Bibi Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ikaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisheni wakaileta Afrika. Do ya solfa huhama. Wimbo ukipandishwa au ukiteremshwa, do huhama nao, na uhusiano wa sauti hubaki vile vile. Mwanakwaya akiona so husikia so ndani ya kichwa kabla hajafungua kinywa. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoimbia Mungu Ibariki Afrika, naye alikuwa mtu wa solfa. Wimbo wake umeimbwa kwa kila kimo cha sauti, na waimbaji hawakulazimika kuuandika upya. Mwanachuo anayeona 5 katika tablatura, kwa upande mwingine, hasikii chochote. Anasogeza kidole.

Nilipokuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari nilimwona mwanachuo hodari, mwenye bidii, akiwa na gitaa la kuazima na tablatura aliyoinakili kwa mwandiko safi. Wimbo wake ulianzia kwenye sufuri ya uzi mnene. Wanafunzi walipoanza kuimba, kiongozi wao alianzia toni moja chini, kama wafanyavyo waimbaji duniani kote asubuhi ambapo koo hazijafunguka. Mwanachuo yule alitambua mara moja kwamba hawapatani, maana sikio lake lilikuwa zima. Akajaribu kutoa mbili katika kila tarakimu. Lakini chini ya sufuri hakuna freti. Aliusimamisha wimbo mara tatu akiwataka watoto waanzie pale alipo yeye, na mara ya tatu nusu yao wakanyamaza. Sauti aliyoihitaji ilikuwapo, oktava moja juu, juu ya uzi wa tatu ukiwa wazi, sentimita chache kutoka kidoleni pake. Mtu aliyefundishwa kwamba ile sufuri ni do angeiona. Yeye alifundishwa kwamba ni sufuri.

Sasa niwageukie wenzangu wa bendi, ambao huenda wamefurahia maneno haya kupita kiasi. Husema kwamba wapigaji wakubwa hawakusoma, na huwataja. Ni kweli Paul McCartney wa Beatles hasomi nota. Lakini Carol Kaye, aliyepiga besi katika studio za Los Angeles, alizisoma vizuri sana, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha kufundishia besi. Na James Jamerson wa Detroit, ambaye wapigaji wengi humwita mwalimu wao, aliweza kusoma vilevile, ingawa yale yaliyompa sifa aliyatoa kichwani mwake zaidi kuliko karatasini. Hoja ya majina haithibitishi lolote. Tena ina kasoro ambayo mwalimu yeyote angepaswa kuiona: tunawahesabu waliofuzu kwa njia ya sikio, lakini wale waliokaa pembeni mwa jukwaa miaka miwili wakitazama vidole vya mkubwa wao, wasifahamu, wakarudi nyumbani, hao hatuwahesabu. Bendi yaweza kuwaacha. Chuo hakina ruhusa hiyo.

Zaidi ya hayo, elimu ya sikio tupu hufa pamoja na mwenyewe. Katika kanda nyingi za zamani sauti ya besi imefifia, imefunikwa na magitaa mengine na tarumbeta, na anayetaka kujua kilichopigwa hana budi kumwendea mpigaji. Wapigaji wa miaka ya 1960 na 1970 wamebaki wachache. Waliopo, mwanachuo akiwafuata na daftari lenye mistari minne, ataondoka na kitu ambacho mwenzake wa chuo kingine aweza kukitumia. Akiwafuata bila daftari ataondoka na kumbukumbu, nayo itabadilika kidogo kila mara.

Katika jambo hili wimbo wa taifa wa Kenya una funzo lake. Mwaka 1963 kamisheni ya watu watano, wakiwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ilikabidhiwa kazi ya kuutayarisha, na sauti iliyochaguliwa ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, ulioimbwa na Mzee Meza Morowa Galana. Wimbo ule haukuwa katika kitabu. Ulikuwa katika vinywa vya akina mama wa Mto Tana. Ulisikilizwa kwanza, ukaandikwa baadaye, na baada ya kuandikwa ndipo bendi za tarumbeta na kwaya za shule ambazo hazijapata kumsikia mama wa Kipokomo ziliweza kuupiga. Mpangilio huo, kusikia, kuandika, kisha kupeleka mbali, ndio ninaoutetea kwa ajili ya darasa la besi.

Wataalamu wa nje wanaounga mkono kutanguliza sikio hawakosekani. Zoltán Kodály wa Hungaria alitaka mtoto aimbe kabla ya kushika ala, naye akaitumia solfa. Shinichi Suzuki wa Japani aliwafundisha watoto fidla jinsi mtoto anavyojifunza lugha ya mama yake, kwa kusikia na kurudia kwanza, na kusoma baadaye. Tuwe waangalifu hata hivyo. Njia ya Suzuki hutegemea mzazi aliye tayari kukaa na mtoto nyumbani kila siku, na ala moja kwa kila mwanafunzi. Sisi tuna darasa la wanachuo arobaini na gitaa moja, au mawili pale mambo yanapokuwa mazuri, na umeme unaokatika. Kodály yu karibu nasi zaidi, kwa sababu koo kila mwanachuo analo.

Njia ambayo imenifaa ni hii. Darasa zima husikiliza kipande kifupi cha besi, mapigo manane au kumi na sita, kikirudiwa mara nyingi bila mtu kushika kitu. Kisha wote hukiimba kwa silabi zozote wapendazo, huku miguu ikihesabu mapigo. Hapa ndipo vile vimya nilivyovitaja hujitokeza vyenyewe, kwa maana mdomo ukinyamaza pamoja na mdomo wa jirani, kila mtu huona kwamba kimya kile ni cha lazima. Baada ya hapo tunatafuta do iko wapi na kukiimba tena kwa solfa. Hadi sasa gitaa halijatoka katika mfuko wake. Wanachuo hushika vipande vya ubao vilivyochorwa nyuzi nne na freti kumi na mbili, kila mmoja cha kwake, vilivyotengenezwa katika karakana ya chuo bila gharama ya kuzungumzia, wakatafuta juu ya ubao mahali ambapo sauti zile zingeweza kupatikana. Ndipo wachache huja mbele, kwa zamu, kuyajaribu mawazo yao kwenye gitaa lenyewe, na darasa huamua kwa sikio kama wamepata. Mwisho kabisa kila mmoja huandika tablatura yake, na chini ya tarakimu huandika solfa pamoja na zile nukta mbili za kutenga mapigo ambazo Curwen alituachia. Mstari huo wa chini huziba pengo la wakati ambalo tarakimu peke yake haziwezi kuliziba.

Itasemwa kwamba njia hii ni ya polepole, na ni kweli. Katika muda wa muhula ambao darasa la kunakili lingemaliza nyimbo kumi, darasa la namna hii humaliza tatu au nne. Mkuu wa idara anayependa kuonyesha nyimbo nyingi siku ya mahafali hatafurahi. Lakini nyimbo hizo nne mwanachuo atazipiga katika kimo chochote kiongozi wa kwaya atakachoanzia; na wimbo wa tano, ambao hakuna aliyemfundisha, ataweza kuutafuta mwenyewe akiwa katika shule ya mbali isiyo na mkufunzi wala mtandao.

Linabaki tatizo la mtihani, nalo si dogo, kwani kinachofundishwa hufuata kinachotahiniwa. Ni rahisi kumpa mtahiniwa tablatura na kuhesabu vidole vilivyokosea. Ningependekeza kinyume chake: kipande kipigwe mara nne katika chumba cha mtihani, na mtahiniwa akiandike, tarakimu juu na solfa chini. Kusahihisha kutahitaji akili zaidi. Ikiwa kipande kina ile sauti ya uzi mwembamba niliyoitaja mwanzoni, watahiniwa wanne waweza kuiweka mahali panne mbalimbali, mmoja sufuri, mwingine tano, mwingine kumi, mwingine kumi na tano, na wote wanne wakawa wamesikia sawasawa. Msahihishaji mwenye jibu moja tu katika mwongozo wake atawanyima alama watatu kati yao. Afadhali awe na gitaa mezani, alijaribu kila jibu kabla ya kuweka alama.